Mwaka wa Leopards: Kibumba tunasikiliza



Kutoka Goma kupanda kwetu Kibumba ni kilomita karibu 25, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru. Ukiacha mji unapita Munigi, Kanyaruchinya na Kibati. Nyiragongo iko upande wa kushoto, na upande wa kulia ni milima ya mpaka wa Rwanda. Njiani unavuka mawe meusi ya lava iliyoshuka tarehe 22 Mei 2021 ikakata barabara hii. Kisha baridi inaanza kukushika mabega, ukungu unashuka, na mashamba ya mashu, viazi, karoti na puaro yanafika mpaka kando ya lami. Ukiona Mikeno imesimama mbele yako kama jino la mzee, umefika kwetu.

Wageni wakipita hapa wanaona mashu na chukudu. Mimi ninataka tuitembee Kibumba kwa njia nyingine, tukifuata mpira. Mimi ni mama wa wajukuu, na tangu utoto nimekuwa mshabiki wa Leopards. Tena mwaka huu wa 2025 unamalizika na habari ambayo hatujaipata kwa miaka zaidi ya 50.

Tuanze na redio. Mwaka 1974 nilikuwa mtoto mdogo, na nchi yetu iliitwa Zaire. Mwezi wa tatu Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika mashindano yale. Hilo lilikuwa kombe la pili, kwa kuwa la kwanza tulilipata mwaka 1968. Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Walipigwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Baba yangu alikuwa na redio ndogo. Ile siku ya magoli tisa aliizima, akatoka nje, akaenda kupalilia viazi bila kusema neno. Asubuhi yake aliiwasha tena. Hapo ndipo nilijifunza ushabiki: ni kuwasha redio kesho yake.

Tangu mwaka ule hatujarudi kwenye Kombe la Dunia. Watoto wangu wamezaliwa, wamekua, wameoa na kuolewa, na nchi haijarudi. Ndiyo maana mwezi huu wa kumi na moja uliopita umetutikisa.

Siku ya nne, tarehe 13 Novemba, Leopards walikutana na Kameruni mjini Rabat, Moroko. Ilikuwa mechi ya kutoana: anayepigwa anaenda nyumbani. Dakika 90 zikaisha bila goli. Dakika ya nyongeza ikaja kona, na kapteni Chancel Mbemba akafunga. 1-0. Siku ya yenga, tarehe 16, tukakutana na Nigeria. Dakika ya tatu tu wakatufunga. Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko, na hesabu ikabaki 1-1 mpaka dakika 120 zikaelekea kwisha. Hapo kocha Sébastien Desabre akafanya jambo ambalo hata wanaume wa hapa walilipigia kelele: alimtoa kipa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu, kwa ajili ya penalti peke yake. Fayulu akazuia. Mwishoni Mbemba akaweka mpira chini, akapiga, ukaingia. 4-3.

Hilo la kipa nataka tulikumbuke sisi wamama. Mpasi hakuwa amekosa kitu. Mwaka 2024, kwenye Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, ni yeye aliyepiga penalti ya mwisho iliyowatoa Misri. Lakini alipoambiwa atoke, alitoka ili mwenzake afanye kazi aliyotayarishwa kuifanya. Ndani ya likelemba zetu, ni wangapi wanaweza kuacha nafasi namna ile bila kununa?

Sasa Kibumba tulisikiaje hayo? Mechi zote mbili zilianza saa tatu za usiku kwa saa yetu, na ile ya Nigeria ilikwenda karibu na usiku wa manane. Usiku kwetu si wakati wa kutembea, wote tunajua sababu. Kuna nyumba zenye televisheni na paneli ya jua ambako vijana wanalipa franga kidogo na kutazama. Mchana sina neno. Usiku, hapana. Kijana akitoka saa mbili na kurudi saa sita, mama halali, na sababu za kutolala ziko nyingi.

Upande wetu wamama wanne tulipatana hivi: kila mmoja alitoa franga za mawe ya redio, tukachagua nyumba moja iliyo katikati, na watoto wote wa nyumba zile nne wakaja kabla giza halijaingia, na blanketi zao. Walikula viazi vya kuchemsha, wakasikiliza, na kulala palepale mpaka asubuhi. Mbemba alipofunga ile penalti ya mwisho, wavulana walitaka kukimbia nje. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa ndani ya kitambaa changu. Wakarukaruka ndani, wakaamsha hata mtoto mchanga. Asubuhi kila mama alikuwa na watoto wake wote. Mimi hesabu hiyo naiweka mbele ya 4-3.

Tuendelee kutembea. Ukitoka barabarani na kuingia kati ya mashamba, utakuta viwanja vya watoto. Hakuna kiwanja kilicho sawa Kibumba. Huku kuna jiwe la lava, kule kuna mteremko, na mpira wa mifuko na kamba ukiteleza unaweza kushuka mpaka shamba la jirani na kuvunja mashu yake. Viwanja hivi vimeona mengi. Mwezi wa saba 1994 udongo huu ulifunikwa na wakimbizi kutoka Rwanda, na kipindupindu kikawapitia kama moto wa nyasi. Mwisho wa mwaka 2022 ikawa zamu yetu kukimbia. Wengi tulishuka kwa miguu mpaka Kanyaruchinya, tukalala chini ya bashi juu ya mawe yaleyale ya lava. Kule kambini nako watoto walitengeneza goli kwa miti miwili. Mwezi wa pili mwaka huu kambi zilipobomolewa, tukapanda kurudi, wengine wakakuta nyumba bila mabati na shamba limekuwa kichaka. Nilipopita mara ya kwanza karibu na shule, vijana walikuwa wanang'oa magugu kwenye kiwanja kabla ya kumaliza kuezeka nyumba za mama zao. Niliwakemea, ndiyo. Lakini niliwaelewa.

Tulipokuwa Kanyaruchinya, kitu kimoja cha Leopards kiliniingia moyoni kuliko magoli. Tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya kucheza nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wetu walisimama kwenye wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, na vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kichwani kama bunduki. Walikuwa wanauambia ulimwengu: watu wa mashariki mwa Kongo wanauawa, na nyinyi mmenyamaza. Mechi ile walipigwa 1-0. Chini ya bashi hatukulia kwa ajili ya goli. Mama jirani yangu, ambaye hakuwa anajua hata mpira una wachezaji wangapi, aliuliza tu: "Wanatujua?" Tukamwambia, ndiyo, wanatujua.

Kwa hiyo mtu akiniuliza namna gani mwanamke wa Kibumba anaweza kufurahia mpira wakati bei ya kila kitu imepanda na benki za Goma zilifungwa mwezi wa kwanza, namjibu kwamba furaha hii haitoi kitu sahanini mwangu. Inanipa nafasi ya kusema "sisi" na watu wa Kinshasa, wa Lubumbashi, wa Kisangani, siku ambazo hakuna kitu kingine kinachoturuhusu kusema hivyo pamoja.

Lakini kuna kitu kinachoweza kutoa chakula sahanini: pari. Mwaka mzuri wa Leopards ni mwaka mzuri wa wenye kuuza tiketi za kubahatisha pia. Baba au kijana anashuka na chukudu mpaka Goma na magunia ya mashu, anauza, na kabla ya kupanda anaweka franga za mbegu kwenye mechi, "kwa sababu Leopards hawawezi kupigwa." Tarehe 9 Septemba tulikuwa tunaongoza 2-0 mbele ya Senegal, kule Kinshasa nyumbani kwetu, na tukapigwa 3-2. Mpira ni namna hiyo. Kama timu inaweza kupoteza magoli mawili mbele ya watu wake, wewe utawezaje kuikabidhi pesa ya mbegu? Shauri langu: siku ya kuuza, mama ashuke pamoja na mzigo, au pesa za mbegu zitolewe na kuwekwa kwenye kisanduku cha kikundi kabla ya mambo mengine. Tuzungumze nyumbani mapema, bila kelele, kabla ya mashindano kuanza.

Jambo la mwisho ni wasichana. Kwetu udongo wa volkano unakunywa mvua yote, chemchemi hakuna, na maji tunayangoja kutoka mabati au tunayafuata mbali. Anayeyafuata ni nani? Msichana na bidoni yake. Saa kumi kaka yake anapiga mpira, yeye yuko njiani, kamba imekaza kwenye paji la uso. Halafu tunasema wasichana hawapendi mpira. Tarehe 23 Novemba 2024 wasichana wa TP Mazembe wa Lubumbashi walichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule El Jadida, wakiwapiga AS FAR ya Moroko 1-0 kwao nyumbani. Kocha wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi, naye mwenyewe Mmoroko. Na mwezi wa saba mwaka huu Leopards wanawake walicheza Kombe la Afrika kule kule Moroko. Hawakupata ushindi, lakini walifika. Kila mmoja wao alikuwa na mtu nyumbani aliyesema siku fulani: leo maji nitaleta mimi, au kaka yako ataleta.

Ninawaomba tujaribu kitu kidogo. Siku mbili kwa juma, bidoni ziende na wavulana, na kiwanja cha karibu na shule kiwe cha wasichana mpaka saa kumi na moja na nusu. Sisi wenyewe tukae kando tukitoa maganda ya maharagi, macho yakiwa juu yao. Kiwanja kinahitaji mawe yatolewe, na mikono tunayo.

Haya ndiyo yanayokuja, myaandike kwenye kalenda. Kombe la Afrika linaanza tarehe 21 Desemba kule Moroko. Leopards watacheza na Benin tarehe 23, na Senegal tarehe 27, na Botswana tarehe 30. Mwezi wa tatu 2026 watakwenda Mexico kucheza mechi moja tu na mshindi kati ya Jamaika na New Caledonia. Wakishinda ile moja, wako Kombe la Dunia, kwa mara ya kwanza tangu redio ya baba yangu.

Sitawaahidi kwamba watashinda. Nimeishi muda mrefu na timu hii, na nimeona hesabu za kila namna. Ninachojua ni kwamba timu hii haikati tamaa ikifungwa mapema, kapteni wake hakimbii penalti, na kipa wa akiba yuko tayari. Kwa mtu wa Kibumba, hayo yanatosha kununua mawe mapya ya redio. Wenye kutaka kuchangia, tuonane siku ya mkutano wa kikundi. Na watoto waje na blanketi, Desemba kwetu ni baridi.