Kamera Mpya, Rekoda Haiioni

Wateja wanaonipigia simu kwa pupa zaidi hapa Busia si walioibiwa. Ni wale waliotoka kununua kamera mpya, wakaipachika ukutani, taa yake ikawaka, kisha wakafungua skrini ya rekoda na kukuta mraba mweusi. "Fundi, nimeuziwa kamera mbovu." Wengi huwa wameshairudisha dukani, ikajaribiwa pale kaunta ikaonyesha picha bila shida, wakarudi nayo nyumbani wakiwa na hasira maradufu.

Kamera yenyewe mara nyingi ni nzima. Kibovu kiko katikati ya kamera na rekoda: waya, umeme, anwani, nywila, saa. Hivyo havionyeshwi dukani kwa kuwa havimo ndani ya boksi.

Na huku mpakani tunanunua kwa namna yetu. Rekoda hutoka Luthuli, Nairobi, ikafika na basi la usiku. Kamera hununuliwa ng'ambo, Busia ya Uganda, kwa sababu siku hiyo bei ya kule ilikuwa nafuu. Waya huchukuliwa hadiwea ya karibu. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia Februari 2018 kimerahisisha kuvuka, nami sina kinyongo na hilo. Lakini wauzaji hao watatu hawajuani, na kila mmoja amemhakikishia mteja kwamba vitu vyake "vinaingiliana na kila kitu". Anayegundua kwamba haviingiliani ni mimi, nikiwa juu ya ngazi.

Kuna ghala moja la mahindi Malaba, upande ambao malori hupanga foleni kusubiri kuvuka. Mwenye ghala, mama anayefika kazini kabla ya wapakuzi wake, aliweka kamera mpya ya kuangalia mlango wa nyuma. Mchana picha ilikuwa safi. Ikifika saa moja jioni inapotea, inarudi, inapotea tena, hivyo hivyo hadi alfajiri. Kila aliyeulizwa alimwambia kuna mtu anaizima. Akaanza kumshuku mlinzi wa usiku, na nilipofika mlinzi alikuwa karibu kufutwa.

Kamera za aina hii hazina waya wa stima wa peke yake. Umeme na picha hupita pamoja kwenye waya wa mtandao, ule wa nyuzi nane. Kwa kipimo kilichowekwa mwaka 2003, tundu la rekoda au swichi hutoa hadi wati 15.4, na kamera iliyo mita 100 mbele huhesabiwa kupata wati 12.95. Zinazobaki hupotelea njiani. Hesabu hiyo ni ya shaba. Waya uliokuwa darini pale Malaba ulikuwa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, na aluminiamu hupoteza umeme zaidi. Mchana kamera hula kidogo, kwa hiyo inavumilia. Giza likiingia, taa zake za infraredi zinawaka, inavuta umeme zaidi, waya unashindwa kuufikisha, kamera inazima. Ikizima mzigo unapungua, inawaka upya, taa zinawaka, inazima tena.

Nilikata kipande cha ule waya nikakikwangua kwa wembe. Ndani kulikuwa kweupe. Boksi lake limeandikwa Cat6, mita 305, sawasawa na boksi la shaba tupu, na bei yake ilikuwa chini sana. Nilipomwambia mama kwamba waya wote inabidi utolewe, alikataa katakata. "Mwanangu, mwenye shida ni kamera, wewe unaniuzia waya." Basi tukatandaza waya mmoja wa shaba sakafuni, wa muda tu, tukangoja jioni. Kamera haikuzima. Hapo ndipo akakubali, na mlinzi akabaki na kazi yake.

Ninalisimulia hili kwa sababu watu hudhani kamera isiyoshika ni hasara ya kamera tu. Mtu asiye na hatia alikuwa anaelekea kupoteza mshahara kwa sababu ya waya.

Halafu kuna anwani. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani ya IP iliyokwisha kupangwa, kama 192.168.1.64 au 192.168.1.108. Ukinunua mbili za aina moja na kuzichomeka pamoja, zote zinadai anwani ile ile, na rekoda inaonyesha moja, kisha nyingine, kisha hakuna. Ukichomeka kwenye ruta ya laini ya simu, ambayo mara nyingi hugawa anwani zinazoanza na 192.168.8, kamera na rekoda zinakuwa kama nyumba mbili zenye ua katikati usio na geti. Taa zinawaka pande zote. Waya ukipimwa, mzima. Picha hakuna. Rekoda zenye matundu yake ya umeme kwa nyuma nazo zina mtandao wao wa ndani, na kamera iliyowahi kupewa anwani ya kudumu mahali pengine hukaa pale bila kuonekana mpaka uiamuru ichukue anwani mpya. Kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, umekaa kitini. Nikipanda ngazi ninalipwa bila maswali. Nikikaa na kompyuta nusu siku, mteja anaona nimepumzika.

Iliyonichosha kuliko zote ilikuwa ya duka la kubadilisha fedha, si mbali na geti la mpaka. Rekoda ya kampuni moja, kamera ya nyingine. Kwenye simu kamera ilifunguka kwa nywila ile ile. Kwenye rekoda ikasema nywila si sahihi. Ukirudia mara kadhaa kamera inajifunga, unakaa unasubiri ijifungue. Mwenye duka alikuwa nyuma yangu akiamini sijui kuandika.

Kamera na rekoda za kampuni tofauti huelewana kwa mfumo wa pamoja uitwao ONVIF, ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony. Kwenye kamera nyingi mpya mfumo huo huja umezimwa. Lazima uingie ndani ya kamera uuwashe, na mara nyingi uufungulie mtumiaji wake na nywila yake, tofauti na ile ya kufungulia kamera. Hilo nilikuwa nimelifanya. Kilichobaki kilikuwa saa. Rekoda inapojitambulisha kwa njia hiyo, huchanganya nywila na saa iliyopo kabla ya kuituma. Saa za pande mbili zikiachana mno, kamera huikataa kana kwamba nywila ni ya uongo. Kamera ile ilikuwa bado inafuata saa za China, ambazo ziko saa tano mbele ya zetu. Niliirudisha kwenye saa za Afrika Mashariki, picha ikaja papo hapo. Hakuna karatasi ndani ya boksi iliyotaja jambo hilo.

Nywila zina mkasa wake mwingine. Fundi wa kwanza aliweka rekoda, akaweka nywila anayoijua yeye, akahamia mji mwingine, na sasa namba yake haipatikani. Miaka miwili baadaye mwenye duka ananunua kamera ya kuongeza, na hakuna anayeweza kuingia kwenye rekoda ili kuiongeza. Kufungua upya si kubonyeza kitufe. Kwa rekoda nyingi unatoa faili kutoka kwenye mashine, unaituma kwa wakala, wakala anataka risiti. Mashine iliyopitishwa njia za panya haina risiti.

Wengine huniomba niweke 12345 ili mambo yawe rahisi. Nakataa. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka kamera na rekoda nyingi duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, na mwezi Oktoba mwaka huo kikatumiwa kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Ni kwa ajili ya hatari kama hiyo kamera nyingi za leo hugoma kabisa kuonyesha picha mpaka uziwekee nywila ya maana. Mteja anaona ukaidi wa mashine. Mimi naona kufuli, na ninamwandikia funguo zake kwenye karatasi.

Mvua za masika zikianza, kazi hubadilika. Ukanda huu wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na waya mrefu uliopita juu ya mabati huuleta mshtuko wake moja kwa moja ndani ya rekoda. Asubuhi baada ya ngurumo nakuta matundu mawili matatu yamekufa na mengine yanafanya kazi. Mteja ananunua kamera mpya, anaichomeka kwenye tundu lililokufa, anasema kamera mpya nayo ni mbovu. Kabla ya kulaumu chochote, hamisha waya kwenye tundu ambalo unaona kamera yake inafanya kazi. Na majengo ninayoingia yenye waya wa kutupia umeme ardhini ni machache mno.

Na kuna hitilafu ninayoiogopa kuliko picha nyeusi, kwa sababu haionekani. Ndani ya rekoda kuna betri ndogo ya duara inayoshikilia saa stima ikipotea. Betri ikifa, kila stima inapokatika rekoda inaanza tena na tarehe ya zamani, mwaka 2000 au 1970. Picha zinaonekana vizuri kwenye skrini, kila mtu anaridhika. Kisha duka linavunjwa, polisi wanakuja, wanatafuta tarehe ya jana, hakuna kitu. Nimesimama mara nyingi katika vyumba vya namna hiyo, nikitafuta katika miaka ambayo duka lenyewe halikuwepo, huku mwenye mali akiniuliza mwizi amefika wapi. Hapa mtu akitembea kwa miguu dakika chache yuko nchi nyingine. Picha isiyo na saa ya kweli haimsaidii askari wa upande wowote.

Ukiamua kuweka kamera, mwambie fundi aiunganishe na rekoda juu ya meza yako kwanza, kwa waya mfupi, kabla hajapanda ngazi. Akwangue waya mbele ya macho yako. Akuandikie nywila zote, za kamera na za rekoda, uzifungie mahali pako. Angalia saa iliyo pembeni ya skrini. Na salio lake, hata kama fundi huyo ni mimi, usilitoe mpaka usiku umepita na amekuonyesha picha ya jana.