Kutoka Rabai hadi Korntal

Jumapili alasiri, ikiwa zamu yangu katika nyumba ya wazee imekwisha mapema na theluji haijaifunga njia, hupanda treni ya mjini hapa Stuttgart, nikashuka Korntal, nikaenda kwa miguu hadi makaburini walikolazwa watu wawili ambao majina yao nimeyajua tangu sijang'oka meno ya utotoni, kwani huko Rabai, pwani ya Kenya, nilikozaliwa ni nadra kumpata mtoto asiyesimuliwa habari za wamisionari Krapf na Rebmann. Desturi hii sikuianza kwa kupenda mambo ya kale. Niliianza mwaka wa tatu wa ukaazi wangu Ujerumani, wakati imani yangu ilipokuwa imepoa kama jivu la jana, nami nikitafuta mtu wa kumwuliza jinsi mja anavyodumu na Bwana wake mahali ambapo hapana jirani wa kumgongea mlango.

Nyumbani swali hilo halikupata kunijia. Bibi yangu, aliyekuwa katika chama cha akina mama wa kanisa, alikuwa akiamka kabla ya jogoo wa pili, akajitanda leso yake, akapiga magoti juu ya mkeka uliokwisha kukatika ukindu pembeni, akaanza kuwataja watu kwa Mwenyezi Mungu mmoja mmoja kwa jina, hata sisi wajukuu tuliokuwa tukijisingizia usingizi tukajua nani mgonjwa, nani amegombana na nduguye, na mtoto wa nani hajarudi kutoka Mombasa. Kengele ya kanisa la Mtakatifu Paulo ilipolia, kijiji kizima kiliisikia, na aliyekosa ibada aliulizwa hali yake na watu watatu kabla ya adhuhuri. Sasa naona dhahiri kwamba sehemu kubwa ya nilichokiita imani yangu ilikuwa imani ya bibi na ya jirani zetu, nami nilikuwa nimebebwa mgongoni kwa mbeleko, nikidhani natembea.

Hapa ugenini hapana aliyenikataza kusali, wala hapana aliyenidhihaki kwa ajili ya msalaba nilioning'iniza shingoni. Lililonipata lilikuwa jambo la kimya mno. Jumapili moja nilikosa ibada kwa sababu ya zamu, ya pili kwa sababu ya usingizi baada ya zamu ya usiku, ya tatu kwa sababu ya baridi, na ya nne sikuwa na sababu yoyote, wala hapana aliyeniuliza. Nilipoingia tena kanisani, jengo kubwa la mawe lenye kinanda cha kutetemesha kifua, niliwakuta wazee wachache wamekaa mbalimbali, kila mmoja na benchi lake, nao walinisalimu kwa adabu kamili, kisha wakaenda zao. Yako makundi yetu ya ibada ya Kiswahili, Wakenya na Watanzania na ndugu kutoka Kongo, wanaokutana katika kumbi za kuazima, nami nayashukuru mno. Lakini kukutana mara moja kwa mwezi hakumlishi mtu siku thelathini.

Katika mwaka huo huo nalipangiwa kumhudumia mzee mmoja ambaye macho yake yalikuwa yakififia na miguu yake imevimba. Siku ya kwanza aliuliza ni nani aliyeingia chumbani, na alipoisikia lafudhi yangu akasema hataki kushikwa na mtu wa rangi yangu, akaurudisha mguu wake chini ya shuka. Alitamka hivyo bila ghadhabu, kama mtu akataaye chai. Nililazimika kumhudumia, maadamu wenzangu walikuwa wachache na mwenyewe hakuweza kujiosha, na kwa miezi mingi nilimwosha kwa mikono safi na moyo mchafu. Nilipima joto la maji kwa kiwiko, nikayaosha nyayo zake zilizopasuka visigino, nikayakausha maji katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, kwa kuwa unyevu ukibaki pale ngozi huoza, nikampaka mafuta. Na muda wote huo ulimi wangu ulikuwa kimya ilhali ndani ya nafsi yangu nikimjibu kwa maneno ambayo bibi angeyasikia angeniomba nitoke nyumbani mwake. Kazi yangu haikuwa na ila yoyote ya kuandikwa daftarini. Lakini nilijua vyema kwamba chumba cha juu, Bwana alipojifunga kitambaa kiunoni akainama mbele ya miguu ya wanafunzi wake, na ya Yuda pamoja nao, kilikuwa mbali nami kuliko Rabai.

Ndipo nilipoanza kwenda Korntal, kwa sababu nalikumbuka kwamba yule Rebmann tuliyesimuliwa utotoni alikuwa kipofu. Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, mji ulio jirani na Korntal, akafika Mombasa mwaka 1846 na kuungana na Krapf, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga katika pwani ile ile. Mwezi Mei mwaka 1848 aliuona Mlima Kilimanjaro na theluji yake, akaandika alichokiona. Lakini mwanazuoni Cooley wa London, asiyepata kuikanyaga Afrika, akamkadhibisha, akisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Krapf akaondoka mwaka 1853 kwa maradhi, mmisionari mwenzao Erhardt naye akaondoka mwaka 1855, na Emma, mke ambaye Rebmann alimwoa mwaka 1851, akafariki mwaka 1866. Yeye akabaki, akiandika kamusi za lugha zetu na kuwafundisha watu wachache wa kuhesabika, macho yakizidi kuzimika, mpaka mwaka 1875, bila ya kurejea kwao hata mara moja katika muda wa miaka takriban ishirini na tisa.

Nimezitafakari sana hizo hesabu za matunda yake, kwani sisi Wakristo wa zama hizi hupenda kuhesabu, na kwa kipimo chetu mtu huyu angeambiwa afunge virago mapema. Mtume Paulo, alipowaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, hakudai kwamba amekwisha kufika. Alijiona bado yu njiani, akinyosha mikono mbele. Nahisi Rebmann naye hakujua umbali aliokwisha kwenda. Aghalabu mtu hajioni akikua, kama vile mtoto asivyoona urefu wake mpaka ajapo mjomba wa safari akashangaa.

Lakini anayenishughulisha zaidi ni mtu mwingine asiyetajwa sana, Isaac Nyondo, Mrabai, aliyefuatana na kipofu yule katika safari ya kurudi Ulaya mwaka 1875. Kila nisimamapo pale Korntal humwaza yeye: mwana wa minazi katika nchi ya baridi, kabla ya ugenini wetu huu kupata jina, mkono wake katika mkono wa mzee aliyemfundisha dini, akimwambia hapa pana ngazi, hapa pana kizingiti. Aliyekuja Rabai kuwaonyesha watu njia alirudi kwao akionyeshwa njia na Mrabai. Rebmann alifariki mwezi Oktoba mwaka 1876, naye Krapf, aliyekuwa akiishi papo hapo Korntal, akamfuata mwaka 1881. Siwezi kusema Nyondo alihisi nini katika safari ile, ila najua mkono wa kumwongoza kipofu haufanyi kazi ukikakamaa.

Sipendi kusifu ugenini kupita kiasi. Umenifunza kusali peke yangu, hilo nakiri, na imani niliyo nayo leo ni ndogo kuliko ile ya mbeleko, lakini ni yangu. Hata hivyo, umenitia ubaridi ambao sikuutambua mpaka niliporudi Rabai likizo iliyopita, alipokuja jirani aliyefiwa na mumewe, akaketi ukumbini kwa mama muda mrefu bila kusema neno, nami nikaitazama saa yangu. Mama aliniona. Usiku, tulipokuwa tukichambua mchele kwa ajili ya matanga, aliniuliza, "Mwanangu, huko bado wasali?" Nikamjibu, "Nasali, mama, kuliko zamani." Akapepeta ungo mara mbili tatu, kisha akasema, "Basi mwombe Mungu akurudishie na kukaa na watu." Nimekuwa nikiomba hivyo tangu siku ile, katika lugha zote mbili.

Na yule mzee? Hakuniomba radhi, na sidhani kama atafanya hivyo, kwani sasa husahau hata majina ya wanawe. Jambo lililotokea lilikuwa upande wangu, na sikulipanga. Alfajiri moja nalipiga magoti kando ya kitanda changu, nikawataja watu kwa jina kama alivyokuwa akifanya bibi: mama, ndugu zangu, yule jirani mjane, na baada ya jirani likatoka jina la mzee, nami nikalisikia kama limetamkwa na mtu mwingine chumbani. Nilinyamaza kitambo kirefu. Halafu nikaendelea, nikamwombea macho yake, na visigino vyake, na usingizi wake ambao hukatika saa nane za usiku.

Siku hizi akisikia maji yakimiminwa katika beseni, hutoa mguu nje ya shuka kabla sijasema neno, aghalabu wa kushoto kwanza, kwa maana wa kulia humwuma. Kisha hunyosha mkono hewani akitafuta wangu, nami humwinua, nikamwongoza hatua kumi na moja hadi kiti cha dirishani.