Walihesabu Midomo, Hawakuhesabu Magunia

Mvua iliyonyesha mjini Mbale usiku wa tarehe 30 Julai 2022 haikumbagua tajiri wala maskini. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikavunja kingo zake, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Huko Namakwekwe alikuwako mke wa askari mmoja, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa kazini mbali na nyumbani. Nyumba yao ilisalimika. Lakini shamba lao dogo kando ya mto, ambalo mahindi yake yalikwisha kukauka yakingoja kuvunwa, lilifunikwa na tope. Mama yule aliokota hindi moja, akalipangusa, akarudi nalo nyumbani bila ya kusema neno.

Serikali ilileta unga wa mahindi na maharagwe kwa walioathirika. Mama alijiandikisha, akapokea fungu lake na kushukuru kwa moyo mweupe. Watoto walikula. Unga ulipokwisha, swali lilibaki palepale: karo ya watoto na mbegu za msimu ujao zitapatikana wapi?

Mumewe alipokuja likizo alidhani kuwa bado watalipwa thamani ya mahindi yao.

"Baba watoto," mkewe alimjibu, "wale walihesabu midomo, hawakuhesabu magunia."

Maneno hayo yana hekima. Msaada wa maafa hutolewa ili watu wasife njaa. Hupimwa kwa haja ya watu, wala si kwa hasara ya shamba. Fidia ya mazao ni jambo jingine, na njia yake ni bima. Uganda ilianzisha mpango wa bima ya kilimo katika mwaka wa fedha wa 2016/17. Chini ya mpango huo serikali ilikubali kuchangia nusu ya ada ya mkulima mdogo, na asilimia 80 kwa mkulima wa sehemu zinazokumbwa na maafa mara kwa mara. Kwa mfano, ada ikiwa shilingi 50,000, mkulima mdogo hutoa 25,000. Yule wa sehemu za maafa hutoa 10,000 tu.

Askari hakuridhika upesi. "Na mvua isipoharibu kitu, fedha zetu zitarudishwa?"

"Hazirudishwi," mkewe alisema. "Je, wewe ukikesha lindoni na adui asije, mshahara wako hurudishwa?"

Askari alicheka, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Usiku ule waliketi na kalamu na daftari. Walikubaliana kutenga ada kabla ya kupanda, kwa kuwa hakuna akatiaye bima shamba lililokwisha kuzama. Walikubaliana pia kutunza stakabadhi za mbegu na mbolea, na kuuliza kabla ya kutia sahihi ni maafa gani yanayolipiwa. Maana ipo bima ya ukame ambayo haiyatazami mafuriko. Mwisho waliazimia kupanda mahindi sehemu ya juu, na kuuachia mto ukingo wake.

Msaada ni mkono wa jirani mwema, nao haukataliwi. Lakini mwenye nyumba hapaswi kulala mlango wazi kwa kuwa jirani yake ni mwema.