Chunusi za Mwana Aliyebaleghe

Mama mmoja wa hapa Kizingo alinijia baada ya darsa, akasema: "Maalim, binti yangu nimemhimiza aoshe uso hadi nimechoka, na chunusi haziishi. Majirani wasema ni uchafu, wengine wasema ni mawazo ya wavulana. Sasa mwana ajifungia chumbani, hata madrasa hataki kuja."

Nikamwuliza kama binti aswali. Akajibu, "Alhamdulillahi, zote tano." Basi uso unaotiwa udhu kutwa mara kadhaa, vipi uitwe mchafu?

Wazazi wenzangu, asili ya chunusi imo ndani ya mwili. Chini ya ngozi ziko tezi ndogo za mafuta, nyingi zaidi usoni, kifuani na mgongoni. Mtoto akikaribia kubaleghe, mwili huzidisha homoni ziitwazo androjeni, kwa mvulana na kwa msichana pia. Homoni hizo huzikuza tezi, mafuta yakazidi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba vitundu vya vinyweleo, vijidudu vikazaana, ngozi ikavimba. Ndiyo sababu wasichana wengi huzidiwa siku chache kabla ya hedhi.

Kumbe chunusi hufuatana na umri ule ule tunaoufundisha kuwa ndio mwanzo wa taklifu. Si haki kumtwika mwana wajibu wa utu uzima kisha kumdhihaki kwa alama zake.

Tena dhihaka ina madhara. Msichana aliyeonewa haya hukimbilia krimu za kujichubua. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, kwa kuwa zebaki hudhuru figo na haidrokwinoni huweza kuiharibu rangi ya ngozi. Krimu zenye steroidi nazo huzalisha chunusi mpya.

Atosheke na sabuni laini mara mbili kwa siku, asizitumbue, na usoni aache mafuta mazito, hata ya nazi. Dawa ya daktari huhitaji wiki kadhaa kuonyesha athari, basi asiitupe mapema. Ikiwa chunusi ni kali, hedhi haina mpangilio na nywele zaota kidevuni, apelekwe hospitali, kwani huenda homoni zimepotoka.

Kabla ya dawa zote, mama amwite binti faraghani na amweleze haya kwa upole. Na baba, ulimi wake auzuie.