Mwana Hiti wa Sabasaba

Mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, ukungu ungali umelala juu ya milima ya Uluguru, sisi ndugu wawili, walimu wa Mikese, tulifunga safari kwenda Dar es Salaam kutazama maonyesho ya Sabasaba. Tulikwenda kwanza Morogoro, ndipo tukapanda gari la moshi lisilo na moshi, yaani lile la umeme lililoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Reli ya zamani ilipofika Morogoro mwaka 1907 wazee wetu waliona ajabu. Nasi tuliona ya kwetu, maana tulifika pwani kabla njaa haijatuuma.

Watu walikuwa wengi katika viwanja vya barabara ya Kilwa. Wengi walikwenda kutazama mashine na vyombo vya nyumbani. Sisi tukavutwa na vibanda vya mafundi wa sanaa. Tuliona mikeka, vikapu, na vinyago vya mpingo vya Wamakonde, watu wamepandana mabegani kama ukoo mzima uliotoka katika gogo moja. Tuliona na picha za Tingatinga, za ndege na chui, zenye rangi kali. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932; alipoanza kuchora Dar es Salaam alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya mafuta. Alikufa mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliieneza kazi ile, na hata leo inawalisha wengi.

Mara tukasimama. Juu ya meza ya kijana mmoja palikuwa na mwana hiti: kigogo kifupi chenye kichwa na matiti madogo, bila mikono wala miguu. Wazaramo, Wakwere na sisi Waluguru twamjua. Mwali alikabidhiwa awapo ndani, amtunze kama mtoto. Kijana akasema, "Shikamooni, wazee wangu. Huyu ni shilingi 50,000. Wageni humpenda sana." Tukaitikia marahaba, lakini maneno mengine hayakutoka.

Maana sisi tulimchoma mmoja. Tulipoanza kazi ya ualimu, tulimwambia bibi yetu, mzaa mama, kwamba kile kigogo chake ni sanamu ya kuabudiwa, hakifai katika nyumba ya Wakristo. Hakubisha. Alitukabidhi kwa mikono miwili, nasi tukakitia motoni. Wala hatukumwuliza hata neno moja, kilitoka kwa nani na kilikuwa na kazi gani.

Basi tukamnunua yule, tukampelekea bibi. Akamgeuza-geuza, akacheka kidogo, akasema, "Wajukuu zangu, huyu ni mzuri, lakini si wangu. Wangu alichongwa na mjomba wa mama yangu. Hatukumwomba kitu, kwake tulijifunza kubeba mtoto." Kisha akamfunga katika kanga, akaanza kutueleza habari za ukoo wetu, nasi tukatoa daftari, tukaandika hata usiku.

Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo kwanza, kisha wabaki na yaliyo mema. Sisi tulichoma kabla ya kupima. Ndugu wasomaji, kama nyumbani mwenu yuko mzee mwenye kitu cha kale, mwulizeni leo, kabla ya moto na kabla ya mauti.