Entebbe Hadi Nairobi: Saa Moja Angani, Saa Sita Ardhini

Askari aliyepewa ruhusa ya siku nne huzihesabu kwa saa. Mimi si askari bali mtumishi wa ofisi, lakini mwaka jana nilipewa siku nne hizo hizo. Baba yangu alikuwa amelazwa Nairobi, na ilipangwa apelekwe chumba cha upasuaji saa tano asubuhi. Habari ilinifikia Kampala usiku wa kuamkia siku hiyo, saa mbili.

Palikuwa na njia mbili. Basi la mwisho lingeondoka saa nne usiku na, mambo yakienda sawa, kufika saa nne asubuhi. Ndege ingeruka Entebbe saa moja asubuhi. Mke wangu, aliyekuwa akinikunjia nguo, aliuliza, "Baba Akello, mbona ndege na basi vinakaribiana kufika?" Swali hilo, ndugu msomaji, lilikuwa la haki.

Toka kiwanja cha ndege cha Entebbe hadi kile cha Jomo Kenyatta ni kilometa kama 520 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo hukata Ziwa Victoria, ukatokea karibu na Homa Bay, ukapita Kisii na Narok, kisha ukavuka Bonde la Ufa. Barabara haiwezi kukata ziwa. Hulizunguka kwa kaskazini, kupitia Jinja, Malaba, Eldoret na Nakuru, na kupanda nchi ya baridi kali pale Timboroa. Jumla kilometa 650 hivi. Tofauti hiyo si kubwa. Linalomchosha abiria wa basi ni miinuko, malori yatambaayo, na foleni ya mpakani usiku wa manane.

Na ndege je? Iendayo kilometa 800 kwa saa ingemaliza safari hiyo kwa dakika 40. Lakini mwendo huo ni wa huko juu tu. Ndege hujikokota uwanjani, hupanda, na kabla haijatulia rubani huanza kuiteremsha. Ndiyo sababu safari huchukua saa moja na dakika chache.

Nilitoka nyumbani saa tisa usiku. Entebbe iko kilometa kama 40 toka Kampala, na barabara mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 imerahisisha mambo. Nilichofanya huko ni kungoja tu. Tulitua Nairobi saa mbili na robo. Ukafuata mhuri, kisha kulingoja begi ambalo ningeweza kulibeba mkononi (kosa langu). Dereva wa teksi akakwepa ushuru wa barabara ya juu, iliyofunguliwa mwaka 2022, tukakwama chini yake tukiyatazama magari ya wenzetu yakipita. Nilifika hospitalini saa nne na nusu: saa saba na nusu toka mlangoni kwangu.

Basi lile, nilisikia baadaye, lilicheleweshwa mpakani likafika saa saba mchana. Hata hivyo, kwa mwenye ruhusa ya kawaida, basi la usiku halimli siku. Hulala humo akaamkia Nairobi.

Nilimkuta baba angali macho, amejifunika shuka. Akaniuliza nimekuja kwa nini. Nilipotaja ndege, akataka kujua nauli. Nikamtajia nusu yake, naye akaguna kuwa ni ghali. Saa tano kasoro robo wauguzi wakaja kumchukua.