Mahame ya Pwani, Gunda za Ziwa

Kibuye, Kisumu, Jumapili. Soko limefurika mpaka ukingoni mwa barabara. Mitumba imetandazwa juu ya maturubai, mafundi wanagonga masanduku ya bati, na harufu ya omena inakulaki mapema. Mama mmoja anajaza gorogoro hadi omena wanamwagika, anaongeza konzi moja, ndipo anafunga mfuko. Namuuliza kwao ni wapi.

"Seme," ananijibu. "Lakini pale babu ya mume wangu alijenga, siku hizi ni gunda. Hakuna mtu anaishi pale, na hakuna mtu anaweza kuuza."

Mimi mtu wa Pwani, na kwetu mahali palipohamwa huitwa mahame. Mahame ni ya majini. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kuyakaribia magharibi ikiingia. Gedi ndiyo mahame yetu makubwa: mji wa mawe, wenye msikiti wa Ijumaa na nyumba ya kifalme, ulioachwa karne ya 17. James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948 alikuta msitu umeumeza. Visima vyake virefu vinafanya wengi wadhani kwamba maji yalizidi kushuka mpaka watu wakashindwa. Hakuna ukoo unaosimama leo ukasema Gedi ni yetu.

Gunda ni habari nyingine kabisa. Mjaluo akioa na kupata watoto, hutoka kwa baba yake akaanzisha boma lake. Wazee wanapofariki, nyumba zao huachwa zianguke zenyewe, na wana huwa wameshatawanyika kwenye maboma yao. Kinachobaki ni makaburi, kichuguu cha udongo wa ukuta uliolala, na mduara wa minyaa, ambayo wao huiita ojuok, iliyokuwa ua wa boma. Palipokuwa zizi, samadi ya miaka mingi imeunenepesha udongo, na mboga za kienyeji hustawi hapo kuliko kwingine kote shambani. Pamehamwa, lakini pana wenyewe: ukoo ukigombania ardhi, wazee huionyesha gunda na makaburi yake kuwa ushahidi.

Nikashuka Homa Bay, nikapita Rodi Kopany na Ndhiwa hadi Thimlich Ohinga, upande wa Migori. Ohinga ni ngome, na Thimlich ni pori la kutisha. Kuta zake zilianza kujengwa yapata karne ya 16, bila tone la chokaa: mawe makubwa nje, makubwa ndani, na kokoto za kuyashikilia katikati. Kwingine zinapita mita 4. Mlango ni mfupi, unaingia umeinama, na adui vilevile aliingia ameinama. Jamii moja ilihama, nyingine ikaja ikakarabati palipobomoka na kuishi, na wakazi wa mwisho wakaondoka katika karne ya 20. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nimeipenda kuliko Gedi, kwa sababu hapa watu wa jirani bado wanayataja maboma ya ndani kwa majina ya wenyewe: Kochieng, Koketch, Koluoch.

Mwingereza, ambaye reli yake ilifika Kisumu Desemba 1901, alikuja na neno lake, desolation, lililotokana na solus ya Kilatini, yaani peke yake. Asipoona moshi wala ng'ombe, aliona ukiwa. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ikaugeuza mtazamo huo kuwa amri: mwenyeji akihama, ardhi si yake tena. Kwa watu ambao kuhama ni sehemu ya kurithi, huo ulikuwa wizi, hata kama uliandikwa kwa wino mzuri.

Nawe unayetafuta ploti kando ya ziwa, ukionyeshwa shamba lenye mduara wa minyaa na ndani hamna nyumba, usitoe hata shilingi kabla hujaketi na wazee wa ukoo.